Tume ya Bingwa wa Nyakati Zote

Haya hayakutokea kwetu. Yalitokea Mbalikule, nchi iliyo mbali sana na hapa, hata mawingu yetu hayafiki kule. Kwa hiyo mtu akiona humu tabia inayofanana na ya mkubwa fulani anayemfahamu, hiyo ni bahati mbaya ya mkubwa huyo. Msimulizi hana kosa.

Watu wa Mbalikule wanapenda sataranji kuliko wali. Wanaicheza vibarazani, wanaicheza kwenye foleni ya hospitali, na kuna bwana harusi aliyeianza na kadhi wake muda mfupi kabla ya kufungishwa ndoa. Bibi harusi akatoka ndani mwenyewe, na mapambo yake yote, akaupindua ubao. Sasa katika mwaka wa thelathini na moja wa utawala wa Mtukufu Rais Mbarute, likazuka swali sokoni: nani mchezaji bora wa sataranji wa nyakati zote?

Watu wa Majengo wakasema ni marehemu Limbu, fundi saa, aliyewahi kucheza na watu sita kwa mpigo amefumba macho, huku mikono yake inatengeneza saa ya mtu wa saba. Watu wa Hospitali ya Kale wakasema hapana, ni Bi. Siwema Nguzo, muuguzi mstaafu wa miaka sabini na mmoja, ambaye hakuwahi kufumba macho mbele ya ubao. Alipoulizwa kwa nini, alijibu, "Nimekaa wodini miaka arobaini. Ukifumba macho, ukiyafumbua mtu ameshakufa."

Mjadala ukapamba moto. Wauza samaki wakabishana mpaka samaki wakaharibika. Mtu mmoja aling'olewa jino kwa hoja, na mwingine kwa ngumi. Kwa wiki tatu nzima hakuna aliyelalamikia maji wala umeme, na wewe ungedhani Serikali ilifurahi. Wapi! Baraza la Mawaziri lilikaa likagundua jambo la kutisha: wananchi walikuwa wanamtafuta mtu aliye bora kuliko wote wa nyakati zote, na katika majina yote waliyoyataja, jina la Mtukufu Rais halikuwemo, hata kwenye wachezaji wa akiba.

Ikaundwa tume. Jina lake lilikuwa Tume Huru ya Kumbaini Mchezaji Bora wa Sataranji wa Nyakati Zote, Zilizopita, Zilizopo na Zitakazoidhinishwa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Bakunda, Waziri wa Michezo, Utamaduni na Fikra Sahihi. Wajumbe walikuwa kumi na wanne, na ili kulinda uhuru wa tume, hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kuwa anaujua mchezo wenyewe.

Katibu wa tume ndiye mtu tunayemfuata. Aliitwa Makwaya Ndimbo, karani wa wizara, mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kusema "naam" kabla hajaulizwa. Makwaya alikuwa na siri. Miaka kumi na saba nyuma kabati la mafaili lilimwangukia ofisini likamvunja mguu, akalazwa wodi namba nne miezi mitatu, na muuguzi wa wodi hiyo alikuwa Bi. Siwema. Alimwona kijana mtu mzima analia kwa uchungu, akamletea ubao wa sataranji. "Shika hii," akamwambia. "Ukiwa na jambo la kufikiria, mguu utajiona mpweke, utanyamaza." Tangu siku ile, kila Jumamosi alasiri, Makwaya alikwenda nyumbani kwa Bi. Siwema kushindwa. Alishindwa kwa miaka kumi na saba, na hakuna kitu kingine duniani alichokifanya kwa furaha kiasi kile.

Haya aliyaficha wizarani. Wizarani ukijulikana unajua kitu, unapewa ukifanye.

*

Tume ilikaa siku tisa kusikiliza mashahidi. Siku ya nane akaitwa Bi. Siwema. Aliingia na mkoba wake mweusi, akakataa maji ya chupa, akakataa na kiti chenye mto.

"Bi. Siwema," akasema Mheshimiwa Bakunda, "ieleze tume, kwa maneno yako mwenyewe yaliyo mbele yako kwenye karatasi, kwa nini wewe si mchezaji bora wa nyakati zote."

"Karatasi siihitaji, Mheshimiwa. Bora alikuwa Limbu."

Wajumbe wakaguna. Hawakutegemea shahidi akubali upesi hivyo. Walikuwa wamemwandalia maswali hamsini ya kumchosha.

"Tulicheza mara sitini na moja," akaendelea. "Alinishinda thelathini na moja, nikamshinda thelathini. Ya mwisho tulicheza anaumwa, kifua kimembana, nikajua nikivuta muda nitamshinda. Sikuvuta. Basi andikeni Limbu, mkale."

Makwaya aliandika haraka. Alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Mheshimiwa Bakunda akainua mkono.

"Katibu, usiandike hilo la Limbu. Wananchi watatuuliza mtu aliyekufa atakujaje kuchukua nishani. Na huyu mama, kwa kinywa chake, amekiri kushindwa mara thelathini na moja." Akatazama kushoto na kulia. "Ndugu wajumbe, je, hakuna katika nchi hii mtu ambaye hajawahi kushindwa sataranji hata mara moja?"

Mjumbe mmoja, aliyekuwa amelala, akaamshwa kwa kiwiko, akasema alichofundishwa asubuhi: "Yupo! Mtukufu Rais!"

Makofi yakalipuka. Makwaya, kwa bahati mbaya, alikuwa mtu wa takwimu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akanong'ona, "Mtukufu hajawahi kucheza."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, Mheshimiwa."

"Na ameshindwa mara ngapi?"

"Hajashindwa, Mheshimiwa."

"Basi andika. Miaka sitini na nane ya umri wake, hajashindwa. Limbu aliwahi kukaa miaka sitini na nane bila kushindwa?"

Makwaya akasema naam, akaandika. Bi. Siwema alikuwa bado amesimama na mkoba wake. Alimtazama, si kwa hasira. Alimtazama kama alivyokuwa akiutazama ule mguu wa zamani, kuona kama mfupa umeunga vizuri.

*

Mambo yangeishia hapo, nishani ikavaliwa na watu wakarudi kulalamikia maji, lakini likatokea jambo ambalo Baraza la Mawaziri halikulitarajia. Mtukufu Rais aliisoma ripoti. Na alipomaliza kuisoma, akaiamini.

"Kumbe!" akasema. Akazunguka chumbani na kurudi. "Kumbe ninayo! Nilikuwa nahisi kitu, tangu utotoni. Niletewe mtu nicheze naye. Limbu amekufa, basi niletewe yule mama. Bungeni, mchana kweupe, na redio itangaze moja kwa moja."

Mheshimiwa Bakunda alitoka Ikulu amelowa jasho mpaka kwenye tai. Kwanza alihangaikia kete. Mchongaji wa taifa akaagizwa achonge kete mpya za mpingo na pembe, na mfalme mweupe apewe sura ya Mtukufu. Mchongaji akauliza mfalme mweusi ampe sura ya nani. Swali hilo lilizunguka wizara tano, kwa kuwa kumpa mtu mwingine yeyote sura ya mfalme katika Mbalikule ni uhaini, na kumwacha bila sura ni dharau kwa wafalme kwa jumla. Mwishowe ikaamuliwa wafalme wote wawili wawe na sura ya Mtukufu. Mchongaji akasaini kwamba hakuwa na wazo jingine.

Kisha Bakunda akamwita Makwaya.

"Wewe unamfahamu yule mama. Usinibishie, nimeambiwa unakwenda kwake kila Jumamosi. Nenda kamwambie ashindwe."

"Mheshimiwa, yule mama..."

"Makwaya. Kule mpakani kuna kituo cha kuhesabu nyumbu. Aliyekuwa anawahesabu amekimbia. Nafasi iko wazi."

Makwaya alimkuta Bi. Siwema anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo si Jumamosi."

"Si Jumamosi." Akakaa. Akatazama ukuta. Akasema habari za nyumbani, akasema habari za mvua, akarudia tena za nyumbani.

"Wamekutuma nishindwe," akasema Bi. Siwema.

"Naam."

"Na nisiposhindwa?"

"Nitahesabu nyumbu."

Mama akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akaliweka pembeni. "Wewe unataka nini? Siyo wao. Wewe."

Makwaya alifungua mdomo kusema naam, akagundua halikuwa jibu la swali lile. Alifikiria nyumba yake ya serikali, akafikiria vumbi la mpakani. Akafikiria pia Jumamosi zake zote, jinsi ambavyo kila aliposhindwa alijua ameshindwa kweli, na kwamba katika maisha yake hicho ndicho kilikuwa kitu pekee ambacho hakuna aliyewahi kumdanganya kwacho.

"Sijui, mama," akasema.

"Haya. Kawaambie nitacheza kwa sheria watakazoniwekea, sitavunja hata moja. Zaidi ya hapo nisiombwe." Akapepeta ungo. "Na wewe kula kwanza. Umekonda kwa tume."

Bakunda alipoletewa jibu alifurahi sana. Mtu anayekubali sheria utakazomwekea, akasema, huyo ameshashindwa.

*

Siku yenyewe Bunge zima lilikuwa limekaa. Spika alikuwa kwenye kiti chake na nywele zake za bandia, walinzi kumi na mmoja kwenye nguzo, na katikati meza moja na viti viwili. Makwaya alifanywa mwamuzi na mtangazaji, kwa kuwa upekuzi ulionyesha kwamba serikalini hakuna mwingine anayejua farasi anaendaje. Mfukoni alikuwa na karatasi aliyopewa na Waziri: *Mtukufu Rais ameshinda kwa hatua tisa, na mpinzani amemshukuru.*

Mtukufu akaingia, wimbo wa taifa ukapigwa beti zote. Bi. Siwema akasimama mpaka mwisho, kisha akasema, "Shikamoo, Mtukufu," kama heshima ya cheo inavyotaka, maana kwa umri alimzidi. Mtukufu alishtuka kidogo, akajibu marahaba, wakakaa.

Mtukufu alicheza haraka na kwa sauti, kete zikigonga ubao kama mihuri. Mama alicheza polepole. Hatua ya nne, farasi wa Mtukufu akaliwa. Bunge likapiga makofi, maana hakuna aliyejua ni wa nani. Hatua ya saba, Bi. Siwema akanyoosha mkono, akamwondoa waziri. Hapa ieleweke kwamba Mbalikule kete kubwa kuliko zote baada ya mfalme huitwa waziri. Mheshimiwa Bakunda, alipomwona waziri anabebwa kwa vidole viwili na kulazwa chali pembeni, bila barua wala kikao, alijishika shingo.

Mtukufu aliinamia ubao. Makwaya, aliyekuwa karibu, aliona kitu ambacho picha za ofisini hazikuwahi kumwonyesha: mtu anafikiria. Sikio moja limemwiva, mdomo uko wazi, mguu unapigapiga sakafu.

Mama akasogeza ngome yake. "Mfalme yuko hatarini," akasema.

Walinzi kumi na mmoja wakachomoa bastola, wakatafuta hatari kwenye madirisha, chini ya meza, na ndani ya mkoba wa mama, ambamo walikuta miwani na nusu andazi. Makwaya ikabidi aeleze kwenye kipaza sauti, taifa zima likisikia, kwamba hayo ni maneno ya kawaida ya mchezo, na kwamba Mtukufu atafute pa kumkimbizia mfalme wake.

"Pa kukimbilia?" Mtukufu akatazama. Hapakuwepo. Basi akamshika mfalme, akamrusha juu ya askari wake mwenyewe, akampeleka pembe ya mbali kabisa ya ubao.

"Mtukufu," akanong'ona Makwaya, "mfalme huenda nyumba moja tu."

"Nyumba moja?" Alishangaa kweli. "Mfalme mzima?"

Spika alikuwa ameshasimama. "Waheshimiwa Wabunge! Naleta muswada wa dharura. *Mfalme yeyote mwenye sura ya Mtukufu Rais ataweza kwenda popote, wakati wowote, bila kizuizi, na kumla amtakaye.* Wanaoafiki?"

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki?"

Mbunge wa upinzani, ambaye Mbalikule wanaye mmoja kwa ajili ya wageni, akapiga chafya. Ikaandikwa kuwa ameafiki. Muswada ukawa sheria ndani ya dakika moja na nusu, na Mtukufu akausaini palepale juu ya kete zilizoliwa.

Bi. Siwema akavaa miwani. "Mheshimiwa Spika, naomba kuuliza. Sheria imeshaanza kufanya kazi?"

"Imeshaanza, na inamhusu kila mtu!"

"Ahsante." Akamwinua mfalme wake mweusi, akamgeuza kwenye mwanga. "Mwamuzi, huyu sura yake ya nani?"

Makwaya akamtazama yule mfalme. "Ya Mtukufu Rais, mama."

"Ndivyo na mimi ninavyomwona." Akamchukua mfalme mweusi, akamvusha ubao wote kutoka pembe hadi pembe, akamla mfalme mweupe, akamlaza kwenye kitambaa chake cha mkononi kwa upole, kama anamlaza mgonjwa.

Mheshimiwa Bakunda, nyuma ya nguzo, alikuwa anaonyesha mfuko wake mwenyewe, anaugonga, anaugonga: karatasi, karatasi! Makwaya akaitoa. Akaikunjua mbele ya kipaza sauti. Akaisoma kimoyomoyo mstari wote, mpaka kwenye *mpinzani amemshukuru*. Akaikunja tena.

"Ndugu wananchi," akasema, na sauti yake ikamshangaza kwa kutulia. "Mchezo umekwisha. Bi. Siwema Nguzo ameshinda. Mtukufu Rais ameshindwa."

Spika akavua nywele zake. Mlinzi mmoja, kwa kutojua afanye nini, akapiga saluti. Makwaya alisimama wima, akijitayarisha kwa nyumbu.

Mtukufu Rais alikuwa bado anautazama ubao. Akainua kichwa taratibu, akauliza kitu ambacho kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyekisikia kikitoka kinywani mwake.

"Nilikosea wapi?"

Mawaziri wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu lililoandaliwa.

"Hatua ya pili, Mtukufu," akasema Bi. Siwema. "Ulimtoa waziri mapema mno. Waziri akitoka kabla ya askari kujipanga, hana wa kumlinda, anaishia kukimbiakimbia tu."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Wakazipanga kete upya, wakarudi hatua ya pili, na Bunge zima likabaki limekaa mpaka saa kumi na moja jioni, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kutoka kabla ya Rais. Alishindwa mara tatu zaidi. Ya mwisho alikaribia kula ngome, akapiga paja kwa furaha, akasahau kabisa kwamba redio bado iko hewani.

*

Ikabaki shida ya tume, maana ripoti ya mwisho ilikuwa lazima itoke kwa wananchi. Wajumbe walikaa siku mbili. Kusema Mtukufu ni wa kwanza haikuwezekana tena, nchi nzima ilisikia. Kusema ni wa pili haikuwezekana pia, maana wa pili lazima awe na wa kwanza, na katika Mbalikule hakuna aliyekaa juu ya Mtukufu ila Mungu na ndege ya Rais. Mheshimiwa Bakunda ndiye aliyepata njia, na ndiyo maana bado ni Waziri. Ripoti ilisomwa hivi: Mtukufu Rais ni mchezaji wa pili kwa ubora wa nyakati zote; jina la wa kwanza halitatajwa kwa sababu za usalama wa taifa.

Makwaya hakupelekwa kwa nyumbu. Barua yake ya uhamisho ilisema kwamba, kwa kuwa ameonekana kuwa na tabia ya kutangaza mambo jinsi yalivyo, anahamishiwa Idara ya Hali ya Hewa, ambako tabia hiyo inavumilika, isipokuwa karibu na sikukuu. Aliisoma barua mara mbili, akacheka peke yake ofisini mpaka akakaa chini.

Jumamosi iliyofuata alikuwa kwa Bi. Siwema kama kawaida, ubao katikati yao kibarazani, chai inapoa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa anacheza vizuri. Aliona hata mama anakuna kidevu. Mtu mmoja mwenye baiskeli akapita barabarani, akapunguza mwendo, akavua kofia.

"Shikamoo, Usalama wa Taifa!"

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bi. Siwema bila kuinua macho. Nyuma ya baiskeli wakapita wanawake wawili na ndoo zao, nao wakamwamkia Usalama wa Taifa, wakaitikiwa. Makwaya alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka.

"Acha kucheka, Makwaya," akasema mama, akisogeza farasi wake. "Waziri wako anakufa."